Mashine Isiyo na Mdomo

Muuzaji wa Kikuubo alizipanga mezani
kama mchinjaji anayekuonyesha ini na paja:
Eksiboksi, nyeusi, nzito kama tofali la kuchoma;
Plestesheni, nyeupe, kola juu,
utadhani bwana harusi aliyechelewa.
Kisha akaibua ya tatu, nyembamba.
"Hii haina tundu la diski. Laki tatu unabaki nazo."
Akaipapasa ubavuni, palipo laini,
pale ambapo dada yake ana mdomo.

Mimi ni Naigaga wa kibanda cha gemu, Walukuba, Jinja.
Mechi mia tano, ukifungwa unampisha mwenzio.
Milioni moja na laki nane nimeifunga kiunoni,
na kila noti ilianza kama sarafu ya mtoto.
Laki tatu si mchezo.
Laki tatu ni umeme hadi Krismasi
(ndiyo, tunaununua kwa tokeni,
na bwawa linanguruma hapo chini tukiwa gizani).

Kabla ya safari niliwauliza watoto. Kosa.
Batambuze akaapa kwa kaburi la babu yake: Eksiboksi,
kwa sababu binamu yake wa Entebbe anayo.
Tibenkana akasema pedi ile mkononi mwake
ni jembe la mtu mwingine.
Wakarushiana maganda ya miwa.
Isabirye, ambaye hajawahi kushika mia tano yake mwenyewe,
aliuliza moja tu:
"Ile isiyo na diski, nikitaka kuazima, naazima nini?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema.
Kwetu cha kuazima ndicho kilichotusitiri.
Kaka yangu Mugoya alipokwenda Doha kulinda lango la watu
aliniachia diski kumi na tisa kwenye kopo la biskuti,
kila moja na jina lake kwa wino mzito.
Zimelala nyumba nyingi. Zimerudi na harufu ya mukene,
ya mafuta ya taa; moja imerudi na alama ya jino.
Ile ya mpira ina mkwaruzo:
dakika ya sabini na tatu picha inaganda,
mfungaji mguu hewani,
na kibanda kizima tunahesabu hadi tisa
ndipo wavu utikisike.
Mgeni hudhani imekufa. Mwenyeji anahesabu.

"Ya dijitali haikwaruziki, mama," akasema muuzaji.
Kweli. Wala haipotei kwa jirani.
Lakini gemu moja ni giga mia,
na kwa bando langu
ningeingoja mpaka Isabirye aote ndevu.

Nikampigia Mugoya palepale, wapagazi wakinisukuma.
Akacheka. Na yeye kanunua huko, ile nyembamba.
"Nina michezo sitini, Naigaga. Mizuri mno."
Akanyamaza. Nikasikia feni ya chumba chao.
"Tenywa anarudi Ijumaa. Nilitaka nimpe mmoja akuletee.
Nikazunguka chumba kizima nikitafuta cha kumpa."

Nilinunua yenye mdomo.
Nyeupe, kwa kuwa ndiyo inayokula diski za Mugoya;
nyeusi ilikuwa nzuri, sibishi,
na Batambuze hakunisalimia hadi Jumatatu.
Nauli ya kurudi nilikopa.

Usiku ule umeme ulikuwepo.
Nikaisogeza diski ya mpira mdomoni,
mashine ikaivuta polepole, ikaitafuna,
tukacheza, jasho, kelele, sabini, sabini na moja.
Ilipofika sabini na tatu watoto wakaanza: moja, mbili...

Mpira ulikuwa umeshaingia.
Mfungaji anakimbia, mikono juu, uwanja mzima umesimama,
na kibandani hakuna aliyeshangilia.
Walikuwa bado kwenye nne.